Masika na shule zetu: nani anaamua watoto wasije, na wakibaki nyumbani wasome nini?

Mwl_Taaluma_DSM

Wakuu, habari za kazi.

Nahitaji msaada wa kuandaa utaratibu wa maandishi kabla masika hayajachanganya. Shule ni ya msingi, ya serikali, ipo Dar es Salaam karibu na bonde la Mto Msimbazi. Wanafunzi wanakaribia 1,000, wanasoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Sehemu kubwa wanakuja kwa miguu, wengine kwa daladala. Eneo la Jangwani likijaa maji na Barabara ya Morogoro ikifungwa, nusu ya walimu hawafiki na mabasi ya mwendokasi hayasogei.

Maswali yangu ni haya. Mwalimu mkuu ana mamlaka gani ya kusema watoto wasije? Uamuzi utoke saa ngapi? Na siku wakibaki nyumbani, wasome vipi wakati wazazi wengi wana simu za batani? Kwenye kikao kuna mzazi alipendekeza masomo ya video kwa Zoom, sikutaka kumkatalia bila hoja.

Kalenda_na_Ratiba

Mwalimu, pole na majukumu. Nianze na mamlaka, maana hapo ndipo shule nyingi hukwama.

Mwalimu mkuu hafungi shule. Kufunga, hata kwa siku moja, ni jambo la halmashauri: taarifa inapanda kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu wa wilaya na mkurugenzi. Hali ikifika kuwa maafa, inaingia kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya. Lakini kuzuia watoto wasipite kwenye maji ni wajibu wa mwalimu mkuu muda wote, na hauhitaji barua. Kwa hiyo omba sasa hivi, kukiwa na jua, kibali cha maandishi cha masharti: "mambo haya yakitokea, shule itawaambia wazazi wabaki na watoto na kutoa taarifa kwa kata kabla ya saa 12 asubuhi." Kibali kikiwa kwenye faili, alfajiri hutamtafuta mtu asiyepatikana kwenye simu.

Masharti yawe ya kuonekana kwa macho, yasiwe ya hisia. Kuna taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Utabiri wao wa siku tano una ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mvua kubwa kwao ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Angalizo peke yake lisifunge shule, vinginevyo Aprili nzima mtakuwa nyumbani. Liunganishe na alama ya eneo lenu: maji yamefika wapi kwenye kivuko wanachopita watoto wengi. Pakeni rangi nguzo ya daraja au kalavati, mstari wa njano na mstari mwekundu, na wawepo watu wawili wanaoishi karibu wa kuangalia na kupiga simu. Kumbukeni pia kwamba Msimbazi unaanzia milima ya Pugu. Jangwani inaweza kujaa wakati kwenu hakuna tone, kwa hiyo kuchungulia anga dirishani hakutoshi.

Saa: uamuzi una hatua mbili. Jioni saa 1 mnatuma tahadhari tu, kwamba kesho kuna uwezekano, wazazi wakae karibu na simu. Alfajiri saa 10 na nusu mnatoa uamuzi wenyewe. Usichelewe zaidi ya hapo, kwa sababu saa 11 watoto wa mbali tayari wako njiani na mama lishe ametoka nyumbani akiwa na simu pekee ya familia. Zamu ya mchana ina uamuzi wake, saa 4 asubuhi. Msiunganishe maamuzi hayo mawili. Mvua ikishuka saa 6 mchana huku zamu moja inatoka na nyingine inaingia, mna watoto 1,000 barabarani kwa wakati mmoja.

Niseme jambo ninaloliona zito kuliko yote: hatari kubwa ni kuwatoa shuleni mapema mvua ikiwa inanyesha. Mwalimu anaona wingu, anagonga kengele saa 5, watoto wa darasa la kwanza wanakutana na mto ulioanza kujaa, na nyumbani hakuna mtu. Mkishawapokea, kaeni nao. Anayetoka atoke na mtu mzima aliyeandikishwa, aliyekuja kumchukua na kusaini. Wengine wasubiri hata kama ni saa 1 usiku. Hapo mnahitaji akiba: unga wa uji gramu 50 kwa mtoto, yaani kilo 15 kwa watoto 300, sukari, maji safi ya kunywa, taa mbili tatu za sola, na orodha ya namba za wazazi iliyochapwa, kwa sababu umeme na mtandao huondoka pamoja.

Ujumbe_Mfupi

Naongezea kwenye mawasiliano. Hapa shule nyingi hukwama kwa vitu vidogo.

Zoom kwanza, ili upate hoja ya kumpa yule mzazi. Saa moja yenye video inakula MB mia kadhaa hadi GB moja na zaidi. Ina maana kila mtoto awe na simu janja yake, bando, chaji, na mtandao usioyumba siku ambayo minara yenyewe inaweza kukosa umeme. Familia yenye watoto watatu na simu moja inayokwenda kazini na baba haimo kwenye mpango huo. Mkiweka somo jipya kwenye Zoom, mmefundisha sehemu ndogo ya darasa na kuwaacha waliobaki nyuma kwa makusudi.

Tumieni SMS za jumla kutoa taarifa. WhatsApp ibaki nyongeza. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

SMS moja ina herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ikizidi inakatwa vipande vya herufi 153 na kila kipande kinalipiwa. Lakini ikiingia alama moja tu isiyo ya kawaida, nafasi inashuka hadi herufi 70. Mchawi mkuu kwenye Kiswahili ni ile alama ya ng'. Ukiandika ujumbe kwenye Word, programu inaipinda yenyewe, na ukiunakili hivyo ujumbe uliokuwa mmoja unakuwa mitatu, gharama mara tatu. Andika moja kwa moja kwenye mfumo wa SMS kwa alama iliyonyooka, au tafuta neno lisilo na ng'. Emoji pia husababisha hayo hayo.

Pili, ujumbe unaotoka kwa jina la shule (jina lenyewe haliruhusiwi kuzidi herufi 11) haujibiki. Mzazi akijibu, jibu haliendi popote. Ukiandika "jibu NDIYO ukipata" utakaa unasubiri bure. Weka namba ya kupiga, au tumia mwalimu wa darasa.

Tatu, ujumbe uanze na uamuzi, sababu ifuate. Mfano huu una herufi chini ya 160:

"Shule: Jumanne 16/4 WATOTO WASIJE. Barabara imejaa maji. Wafanye kazi ya SIKU YA 1 kwenye bahasha. Mwl wa darasa anapokea simu saa 3 hadi saa 6."

Usianze na "Uongozi wa shule unapenda kuwataarifu wazazi na walezi wote". Kwenye simu ya batani mzazi anaona mstari wa kwanza tu, na huo mstari umeishia kwenye salamu.

Namba za wazazi zikaguliwe kila mwanzo wa muhula. Tumeni ujumbe wa majaribio siku ya kawaida, kisha muwaulize watoto darasani nani nyumbani kwao ujumbe haukufika.

Mwl_Taaluma_DSM

Asanteni sana, hasa hilo la alama ya ng', nilikuwa sijui kwa nini salio la SMS linaisha haraka. Hiyo "bahasha" ndiyo nataka nielewe zaidi. Ndani kuna nini, na gharama yake ikoje kwa shule isiyo na fungu?

KKK_Kwanza

Mwalimu, bahasha ni kazi za siku tatu ambazo mtoto anakwenda nazo nyumbani mwanzoni mwa Machi na hazifunguliwi mpaka ujumbe wa shule uje. Siku tatu zinatosha. Maji yakikaa zaidi ya hapo, tatizo limeshakuwa kubwa kuliko masomo.

Hesabu yake: kurasa nne kwa siku, somo moja kila ukurasa (Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi), zichapwe pande mbili. Hiyo ni karatasi mbili kwa siku, sita kwa siku tatu. Darasa la watoto 80 linatumia karatasi 480, yaani rimu moja na zinabaki 20. Watoto 1,000 ni rimu 12. Mashine ya kurudufu ya kituo cha walimu au ya shule ya jirani ni nafuu kuliko duka la stesheneri. Msichape kwa printa ya wino wa maji, kwa sababu tone moja linafuta ukurasa. Kazi ya fotokopi haichuji. Kama hata rimu 12 hazipatikani, watoto kuanzia darasa la nne wanakili maswali kwenye daftari la kazi za nyumbani katika vipindi vya wiki moja, na karatasi zibaki kwa la kwanza hadi la tatu.

Kilichomo ndani ndicho chenye uzito. Msiweke mada mpya hata moja. Chukueni mada zilizofundishwa wiki mbili au zaidi zilizopita, ambazo mtoto anaweza kuzifanya bila mtu wa kumweleza. Mzazi anayefua maji yaliyoingia sebuleni hawezi kukaa kufundisha sehemu na desimali. Kila ukurasa uwe na mfano mmoja uliokwisha kufanywa juu, kisha maswali matano hadi manane. Maagizo yawe sentensi moja fupi.

Darasa la kwanza na la pili ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tu, na nyingi ziwe za mdomo: msomee bibi aya hii mara mbili, hesabu vijiko vya jikoni, viweke mafungu ya vitano, andika majina ya vitu sita vinavyoanza na silabi "ma". Kipande kimoja kisizidi dakika 20. Mtoto wa miaka saba akipewa kurasa nne za kujaza ataandikiwa na dada yake, na hamtajua anaweza nini.

Kwa wenye simu janja, ongezeni sauti ya WhatsApp ya mwalimu wao, dakika tatu hadi tano, akisoma hadithi au kueleza swali moja gumu. Dakika tano za sauti ni kama MB moja tu au chini yake, kwa hiyo inafika hata mtandao ukiwa dhaifu. Video ya dakika tano inakwama. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini vipakueni mapema na mtume kurasa zinazohusika tu. Kitabu kizima ni mzigo kwa bando la mzazi.

Mkirudi shule, vipindi viwili vya kwanza ni vya kusahihisha pamoja ubaoni. Mtoto ambaye karatasi zake zimelowa au nyumba yao imeingia maji asisimamishwe wala kuulizwa mbele ya wenzake. Wekeni nakala tano za ziada kwa kila darasa na mambo yaishe hapo.

Na siku ambazo mvua inanyesha watoto wakiwa shuleni, kumbukeni bati. Darasa lisilo na dari, mvua ikikaza, sauti ya mwalimu haifiki dawati la pili. Kupiga kelele juu ya mvua kwa dakika 40 ni kuumiza koo bure. Andaeni kazi za kimya za kuandikwa ubaoni: imla ya kunakili na kurekebisha makosa, ramani, hesabu za haraka.

Pwani_ya_Kenya

Hamjambo nyote. Naunga mkono yote, ila mmesahau siku ya kufungua. Sisi Kenya 2024 tuliliona hili kitaifa. Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, Wizara ikausogeza hadi 6 Mei, tarehe 3 Mei Rais Ruto akaahirisha bila kutaja siku, na hatimaye shule zikafunguliwa 13 Mei. Kuacha kunyesha hakukutosha kufungua. Kulikuwa na vyoo vilivyobomoka, barabara zilizokatika, na shule zilizokuwa makao ya watu waliofurushwa na maji.

Kabla mwanafunzi hajaingia, anzeni na vyoo vya shimo. Udongo ukilowa, shimo lisilojengewa ukuta linaporomoka kutoka ndani, huku juu pakionekana pazima. Angalieni nyufa zinazozunguka sakafu, sakafu iliyoinama, au kiwango cha kinyesi kilichopanda ghafla. Choo chenye dalili hizo kinafungwa kwa mbao na misumari. Kamba ya plastiki haimzuii mtoto wa chekechea.

Kisha maji. Tangi ambalo maji ya mafuriko yameingia halisuuzwi tu. Sugueni kuta kwa sabuni, mwageni, jazeni robo kwa maji safi, wekeni klorini ya unga yenye nguvu (ile ya asilimia 65 hadi 70) gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi, malizieni kujaza, funikeni, acheni saa 24. Maji hayo yanamwagwa yote na hayanywewi, wala hayamwagwi kwenye mto au bustani. Mkibanwa na muda, kipimo kinawekwa mara mbili na kusubiri kunakuwa saa 8. Anayeshika klorini avae glavu na kufunika macho, na achanganye mahali penye hewa. Kisima kilichofunikwa na mafuriko mwiteni afisa wa afya ya umma, kwa kuwa mchanga na kina vinabadilisha hesabu.

Stoo ya chakula: gunia la mahindi au maharagwe lililolowa lisianikwe na kupikwa. Kuvu ikishaingia, sumu yake haitoki kwa kuchemsha. Stima (umeme) isiwashwe mpaka fundi apime soketi zilizofikiwa na maji. Madawati ya mbao yakaushwe kivulini, maana jua kali linayapinda na misumari inatokeza.

Kama shule ni kituo cha waathiriwa, kubalianeni na chifu tangu siku ya kwanza ni madarasa mangapi na mpaka lini, na vyoo vipi ni vyao. Kuwaondoa watu kwa ghafla Jumapili usiku ili Jumatatu watoto wasome ni ukatili kwa pande zote.

Radi_na_Gari

Niongeze mawili mafupi.

Radi. Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18. Darasa la bati lisilo na mtego wa radi si kimbilio kamili, lakini ni afadhali kuliko uwanjani au chini ya mwembe. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, wote wawe ndani, mbali na kuta, madirisha na nguzo za chuma. Msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kengele ya chuma inayoning'inia mtini isigongwe wakati huo, mtumeni mtu mzima apite mlango kwa mlango mkiwa na varanda. Mtego wa radi ukifungwa, fundi apime waya wa ardhini, kwa sababu mitego mingi imekatwa waya wa shaba na wezi na imebaki pambo.

Gari la shule. Aprili 2024 Arusha gari la wanafunzi lilisombwa korongoni na watoto walipoteza maisha. Maji yanayokwenda yenye kina cha sentimita 15 yanamwangusha mtu, 30 yanaweza kuinua gari dogo, 60 yanabeba magari mengi hata basi dogo. Dereva apewe maandishi yenye sahihi ya mwenye shule kwamba akikuta maji yanayokatiza barabara na haoni lami, anageuza, na hatakatwa mshahara kwa kuchelewa. Bila hayo maandishi ataogopa bosi kuliko maji.

Minneapolis_Shuleni

Salamu kutoka Minnesota. Huku kinachofunga shule ni theluji na baridi. Upepo ukifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 37 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika kama 10, na mtoto anayesubiri basi hana kinga. Hali ni tofauti na ya kwenu, lakini sheria ya jimbo ina vipengele ambavyo Mwalimu anaweza kuvichukua bila gharama.

Siku za kusoma nyumbani zinazohesabiwa kuwa siku za masomo hazizidi 5 kwa mwaka. Wazazi wanaelezwa mpango mwanzoni mwa mwaka wa shule, halafu siku yenyewe wanaarifiwa si chini ya saa mbili kabla ya muda wa kawaida wa kuanza. Kila mwalimu lazima apatikane kwa mtandao na kwa simu muda wote wa masomo. Na asiye na intaneti au kifaa lazima awekewe njia nyingine. Hilo la mwisho ni sharti kamili la sheria.

Kwa Waswahili wenzangu mliohamia huku: hakikisheni shule ina namba sahihi na lugha mnayotaka, maana simu za alfajiri hupigwa na mashine kwa Kiingereza, na wengi hukata wakidhani ni matapeli. Na msiamini kwamba vifaa vingi vinaondoa matatizo. Tarehe 13 Februari 2024 jiji la New York lilihamishia shule zote mtandaoni kwa ajili ya theluji, na asubuhi hiyo wanafunzi wengi walishindwa kuingia kwa sababu mfumo wa kuhakiki majina ulizidiwa. Karatasi ndani ya begi haizidiwi.

Mwl_Taaluma_DSM

Nimeandika yote. Swali la mwisho: daftari la mahudhurio siku hizo nalijazaje, na vipindi vinafidiwa vipi?

Kalenda_na_Ratiba

Usiandike "hayupo" kwa darasa zima. Ukifanya hivyo, mwisho wa muhula mtoto ataonekana mtoro na utaitwa kueleza. Acha safu ya siku hiyo, piga mstari wa wima, andika "MVUA" na namba ya kumbukumbu ya kibali. Maelezo kamili yaingie kwenye kitabu cha matukio ya shule: saa ya uamuzi, nani aliarifiwa kata, kiwango cha maji kwenye nguzo, ujumbe uliotumwa. Mkaguzi akija ataona mtiririko.

Kama shule ilikuwa wazi ila baadhi hawakufika kwa sababu ya maji, hao wawekewe alama ya ruhusa.

Kufidia: kalenda ina siku 194 za masomo, kwa hiyo kila siku iliyopotea inatafutiwa nafasi. Jumamosi haifai kwa watoto wadogo, na kwa shule ya zamu mbili madarasa hayatoshi. Njia inayobebeka ni kuongeza kipindi kimoja kila siku. Siku ya vipindi nane inarudi ndani ya siku nane za shule. Anzeni na Hisabati na Kusoma, kisha mada ambazo darasa linalofuata linazitegemea. Kwa zamu ya mchana kipindi hicho kiwekwe mwanzo, waingie dakika 40 mapema kwenye chumba kilicho wazi au barazani. Kikiwekwa mwisho watatoka giza limeingia.